Binti anaulizwa achague bweni la aina gani Marekani: tumwambie nini?

Swali: "Assalaam aleikum kutoka Kisauni, Mombasa. Binti yangu amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa mazingira katika chuo kikuu kimoja pwani ya mashariki ya Marekani, na sehemu kubwa ya gharama imebebwa na ufadhili. Sasa wamemtumia fomu ya malazi. Mbali na bweni la kawaida, anaulizwa kama anataka kukaa kwenye 'jumuiya'. Kuna ghorofa ya wasichana wa sayansi na uhandisi, kuna nyumba ya utamaduni wa Kiafrika na Wamarekani weusi, na kuna nyumba ya kimataifa. Ya kwanza ina ada ya dola 150 kwa mwaka na insha ya maneno 200. Mimi naona bora akae na Waafrika wenzake wamwangalie. Babake anasema hizo jumuiya ni vyama vya siasa, aombe chumba cha kawaida. Binti mwenyewe anaitaka ya uhandisi, ila anaogopa kwamba akishindwa na masomo atatolewa chumbani. Sisi ni Waislamu, anaswali na anafunga. Fomu inafungwa baada ya wiki tatu. Tumwambie nini?"

Wa aleikum salaam, mama. Hongera kwenu nyote kwa hatua aliyofikia binti.

Kwa kuwa wiki tatu ni chache, nianze na jibu lenyewe. Binti aweke ghorofa ya wasichana wa sayansi na uhandisi kuwa chaguo la kwanza, nyumba ya kimataifa iwe ya pili, chumba cha kawaida kiwe cha tatu. Lakini kabla hajaituma fomu, aiandikie ofisi ya malazi na kuuliza mambo nitakayoyataja huko mbele, kwani majibu mawili kati ya hayo yanaweza kuugeuza mpangilio huu wote. Nyumba ya utamaduni wa Kiafrika si mbaya hata kidogo. Ila sababu inayokufanya uipendelee ndiyo sioni ikishika.

Nyote watatu naona mnauliza jambo moja kwa midomo mitatu. Wewe unauliza ni nani atakayemjua mwanao akiamka na homa usiku wa manane. Babake anauliza ni nani atakayemvuta upande wake. Binti anauliza kama atabaki na pa kulala siku mambo yakimwendea kombo. Maswali haya yana majibu, na mengi hayako kwenye jina la nyumba.

Tuanze na kitu chenyewe. Kwetu sisi hosteli ni kitanda, kabati na ufunguo, na masomo yako ng'ambo ya uwanja. Marekani kuna fikra ya siku nyingi kwamba mahali mwanafunzi anapolala ni sehemu ya darasa lake. Mwaka 1927, Alexander Meiklejohn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mpango ulioitwa Chuo cha Majaribio: wanafunzi wa miaka miwili ya mwanzo waliishi bweni moja, walimu wao wakiwa na ofisi humo humo, na wote wakisoma mambo yale yale. Mpango ulifungwa 1932, lakini wazo halikufa. Harvard na Yale walijenga mabweni yao ya mtindo huo miaka ya 1930, Chuo Kikuu cha Michigan kikafungua chake 1967, na siku hizi ni nadra kukuta chuo kikubwa huko kisichokuwa na jumuiya za namna hii. Kwenye fomu nyingi utaziona zimeandikwa kwa herufi tatu, LLC, kifupi cha Kiingereza cha "living-learning community", yaani jumuiya ya kuishi na kusoma.

Tatizo ni kwamba chini ya herufi hizo hukaa vitu visivyofanana. Kipo cha kwanza, ambacho ni ghorofa tu yenye mada: wapenda muziki, wapenda mazingira, watu wasiotumia pombe. Wanawekwa pamoja, wanafanya shughuli moja au mbili kwa mwezi, basi. Cha pili ni jumuiya ya kuishi na kusoma hasa: wakazi wake wanasajiliwa somo moja au zaidi kwa pamoja, kuna mhadhiri aliyepewa jukumu la ghorofa hiyo, kuna wanafunzi wa miaka ya juu wanaosaidia hesabu jioni palepale sebuleni. Cha tatu ni nyumba ya utamaduni au ya lugha, ambayo inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili. Kuzitofautisha si kazi. Binti asome ukurasa wa maelezo akitafuta jina la somo, cheo cha mhadhiri anayehusika, na siku za mikutano. Akikuta vyote vitatu, hiyo ni jumuiya kweli. Akikuta safari na sherehe pekee, hiyo ni ghorofa yenye mada, na hapo dola 150 zinahitaji maelezo.

Baba nimjibu kwa heshima, maana hofu yake ina asili. Kuna uwezekano anachanganya jumuiya hizi na vile vyama vya udugu vyenye majina ya herufi za Kigiriki, ambavyo vina nyumba zao, viongozi wao na taratibu zao za kuingiza wanachama. Hivyo ni vitu vingine kabisa. Jumuiya zilizo kwenye fomu ya binti zinaendeshwa na ofisi ya malazi ya chuo, zina mfanyakazi wa kudumu anayelipwa mshahara, na hakuna kula kiapo wala kuingizwa. Lakini ni kweli pia kwamba baadhi ya nyumba za utamaduni zilizaliwa katika siku za vuguvugu la wanafunzi weusi kudai haki zao. Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, kina bweni ambalo Mswahili yeyote atalielewa jina lake: Ujamaa. Lilifunguliwa 1972, miaka mitatu baada ya wanafunzi weusi kuliteka jengo la wanafunzi la Willard Straight wakidai nafasi yao chuoni, na miaka mitano baada ya Azimio la Arusha kulipeleka neno hilo la Mwalimu Nyerere duniani. Stanford nao wana bweni la jina hilo hilo. Kwa hiyo baba hajakosea kunusa siasa katika historia yake. Alichokosea ni kudhani kwamba anayelala humo leo anajiunga na chama.

Sasa wewe mama. Unaposema "Waafrika wenzake" unawaona wasichana wa Kisauni, wa Kampala, wa Lagos. Katika nyumba nyingi za aina hii wakazi wengi ni Wamarekani weusi waliozaliwa huko, na wengine ni watoto wa wahamiaji kutoka Afrika na Karibi. Watu wazuri, na binti atajifunza mengi kwao. Lakini historia inayowaunganisha ni yao: utumwa wa kule, ubaguzi wa kule, namna polisi wa kule wanavyowatazama. Binti yako ataingia humo akiwa mwanafunzi wa historia hiyo, hataingia kama mtu aliyerudi kwao. Msichana akijua hivyo tangu mwanzo hupata marafiki wa maisha. Akienda akitarajia kupokewa na shangazi zake, wiki ya pili ataumia, na hakuna atakayekuwa na kosa. Isitoshe, sheria ya haki za kiraia ya 1964 hairuhusu chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kumnyima mtu nafasi kwa rangi yake, kwa hiyo nyumba hizi ziko wazi kwa kila mwanafunzi anayependa mada yake. Haziwezi kukuahidi mwenzake wa chumba atakuwa nani.

Kuna jambo la wakati pia. Tangu 2025 vyuo kadhaa vimezibadilisha majina au kuzifunga jumuiya zilizojengwa juu ya asili ya mtu, kutokana na shinikizo la serikali. Chuo Kikuu cha Iowa, kwa mfano, mwaka huo kilitangaza kuzifunga jumuiya zake tatu, mojawapo ikiwa ya wanafunzi weusi. Kama mtaamua kuiweka nyumba hiyo popote kwenye orodha, muulize kama itakuwepo Agosti, na mkubali jibu la maandishi tu.

Nieleze sasa kwa nini mahali pa kulala pana uzito kuliko tunavyodhani, maana hapa ndipo uamuzi wenyewe unapokaa. Kuna utafiti maarufu uliochapishwa 1950, wa Festinger, Schachter na Back, uliofanywa katika nyumba za wanafunzi wenye familia pale chuo cha MIT. Watu walikuwa wamegawiwa nyumba bila kuchagua jirani. Walipoulizwa marafiki zao wa karibu ni nani, waliopakana mlango kwa mlango walitajana kwa asilimia 41. Waliokuwa ncha mbili za ukumbi uleule, asilimia 10. Umbali wenyewe ulikuwa hatua chache. Na waliokaa karibu na ngazi walikuwa na marafiki wengi zaidi wa ghorofa nyingine, kwa sababu kila anayepanda na kushuka huwapitia. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Kibaraza cha nyumba za Mji wa Kale kinafanya kazi hiyo hiyo: hupangi kukutana na mtu, unapita tu, mnasalimiana, kesho mnasalimiana tena, siku ya kumi anajua mtoto wako ameumwa. Urafiki unakua kutokana na kukutana mara nyingi bila miadi.

Jumuiya ya kweli inaongeza kitu juu ya ukaribu huo, nacho ni jambo la kuzungumza. Majirani wawili wasiokuwa na somo la pamoja husalimiana na kuachana. Majirani wenye zoezi moja la hesabu linalotakiwa Ijumaa watakaa chini pamoja Jumatano, na binti mgeni, mwenye lafudhi tofauti, hatahitaji kutafuta kisingizio cha kubisha mlango wa mtu. Kwa mwanafunzi wa kigeni faida hii ni kubwa kuliko kwa mzaliwa wa kule, kwani mzaliwa anakuja na marafiki wa sekondari, na wa kwetu anakuja na masanduku mawili. Zaidi ya hayo, katika mpango mzuri kuna mtu mzima mmoja, mhadhiri au mratibu, anayelijua jina lake kabla ya wiki ya nne. Ukiniuliza atakayegundua kwamba binti hajaonekana siku tatu ni nani, nitakuambia ni huyo pamoja na jirani wa mlango wa pili. Uafrika wa jirani haumo katika hesabu hiyo.

Kuhusu ushahidi wa faida za kimasomo, nisitie chumvi. George Kuh, mtafiti wa elimu ya juu, mwaka 2008 aliziweka jumuiya za kujifunza katika orodha yake ya mambo yenye athari kubwa kwa wanafunzi. Na utafiti wa kitaifa ulioongozwa na Karen Kurotsuchi Inkelas, uliohusisha vyuo vingi, ulionyesha kwamba wakazi wa jumuiya hizi huzungumza zaidi mambo ya masomo na wenzao na huona mpito wa kuingia chuo ukiwa mwepesi zaidi. Lakini anayejaza insha ili akae kwenye ghorofa ya uhandisi alikuwa na bidii tangu kwao. Kutenganisha kilichofanywa na ghorofa na kilichokuwemo ndani ya mtoto ni kazi ngumu, na tofauti zinazopatikana mara nyingi ni za wastani. Kwa hiyo ghorofa haitamfaulisha. Itamrahisishia kuomba msaada, na hilo mwaka wa kwanza si dogo.

Upande wa pili wa ghorofa ya uhandisi binti aujue pia. Watu 30 wanaofanya mtihani mmoja usiku mmoja huambukizana hofu. Mmoja analia, mwingine anatangaza alama zake ukumbini, wa tatu anaanza kujiona mjinga. Ikitokea ugomvi, unaenea haraka kwa sababu unayegombana naye ni jirani, ni mwanadarasa, na ni mwenzako wa kundi la maabara. Dawa yake ni kuwa na mguu mmoja nje: chama cha wanafunzi Waislamu siku ya Ijumaa, au chama cha wanafunzi wa Kiafrika, ambacho anaweza kujiunga nacho bila kulala kwenye nyumba ile. Hapa ndipo mama utapata ulichokuwa ukikitafuta, na kwa njia iliyo salama zaidi: wenzake wa Afrika Mashariki atawapata kwenye chama, kwenye pilau ya mwisho wa wiki, nao watatoka mabweni yote.

Hofu ya binti, kwamba akifeli atatolewa chumbani. Kuna mikataba miwili ndani ya jambo hili na watu huichanganya. Mmoja ni mkataba wa malazi, yaani haki ya kukaa kwenye bweni la chuo. Huo kwa kawaida ni wa mwaka mzima wa masomo, Agosti hadi Mei, na haumtoi mtu kwa sababu ya alama za somo moja maadamu bado ni mwanafunzi aliyesajiliwa. Mwingine ni masharti ya jumuiya: kuhudhuria somo la pamoja, pengine mkutano wa kila wiki mbili, pengine mradi. Asipoyatimiza, mara nyingi hunyimwa nafasi ya kurudi mwaka unaofuata, au huhamishiwa bweni lingine muhula ukiisha. Akibadilisha fani, tuseme kutoka uhandisi kwenda baiolojia, mipango mingi humwacha amalize mwaka. Hili ndilo swali la kwanza la kuandikiwa ofisi ya malazi, kwa maneno haya haya: mkazi akiacha somo la pamoja au akibadilisha fani katikati ya mwaka, chumba chake kinakuwaje?

Kinachomnasa mtu hasa ni kinyume cha anachokiogopa binti. Mtu hatolewi, ila hawezi kutoka. Mkataba wa mwaka ukishatiwa saini, kuuvunja kuna faini, na kuhama chumba huwa kumefungwa wiki mbili au tatu za mwanzo ili ofisi ijue vitanda vipi viko wazi. Asome kifungu cha kughairi kabla ya kusaini, aone tarehe ya mwisho ya kujitoa bila malipo. Kwa wengi tarehe hiyo hupita kabla ya viza kupatikana, kwa hiyo aulize kama kuna msamaha kwa mwanafunzi aliyenyimwa viza.

Dola 150 kwa kima cha shilingi 130 ni 19,500. Si pesa za kuchezea, lakini si hapo gharama inapojificha. Tofauti kati ya chumba cha watu wawili na cha mtu mmoja, au kati ya mpango mmoja wa chakula na mwingine, inaweza kufika dola elfu na zaidi kwa mwaka. Muulize kama jumuiya inapatikana kwenye vyumba vya bei ya chini au kwenye jengo jipya la bei ya juu tu, na kama ada yenyewe inaingia ndani ya ufadhili. Makadirio ya gharama yaliyo kwenye fomu ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombee viza, huwa ni ya jumla. Ada ya jumuiya inaweza isiwemo. Baadhi ya mipango husamehe ada kwa anayeomba, na asiyeomba hasamehewi.

Dini sasa, na hapa kuna majibu yale mawili yanayoweza kugeuza mpangilio. La kwanza: neno "wasichana" linamaanisha nini kwenye ghorofa hiyo? Baadhi ya mipango ya wanawake katika sayansi hupokea mwanafunzi yeyote anayeunga mkono lengo lake, na baadhi hukaa vyumba vya wasichana tu lakini kwenye ghorofa yenye wavulana upande wa pili. Aulize waziwazi: ghorofa nzima ni ya wanawake? Bafu ni la pamoja la ukumbi mzima au la vyumba viwili? Wageni wa kiume wanaruhusiwa hadi saa ngapi? Hakuna ofisi ya malazi itakayoshangazwa na maswali haya, wanayapokea kila mwaka. Jibu likiwa si ghorofa ya wanawake peke yao, basi pengine bweni la kawaida la wanawake, kama chuo kinalo, litapanda hadi nafasi ya kwanza.

La pili ni likizo. Mabweni mengi ya huko hufungwa mapumziko ya Desemba na Januari, wiki tatu, nne au zaidi, na baadhi hufungwa hata siku chache za sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba. Mwenye kwao New Jersey anapanda basi. Wa Kisauni afanyeje? Nyumba za kimataifa mara nyingi hubaki wazi, na hiyo ndiyo sababu nimeiweka ya pili, karibu sana na ya kwanza. Kama ghorofa ya uhandisi inafungwa na chuo hakina chumba mbadala cha likizo kwa bei inayobebeka, iwekeni ya kimataifa juu.

Mengine ya dini ni ya kupanga tu. Miaka michache ijayo Ramadhani inaangukia kati ya Januari na Machi, muhula wa pili, msimu wa baridi, kwa hiyo saa za kufunga hazitazidi sana za nyumbani. Shida ni daku. Kumbi za chakula hufunguliwa asubuhi wakati alfajiri imeshaingia, basi aulize idara ya chakula kama inawapa wafungao chakula cha kubeba tangu jioni, na awe na friji ndogo chumbani, ambayo kwa kawaida inaruhusiwa. Udi na ubani aviache Mombasa pamoja na chetezo chake. Kuwasha chochote chenye moshi ndani ya bweni ni marufuku, king'ora cha moto kitalia, jengo zima litatolewa nje kwenye baridi, na faini itamfuata. Jiko la umeme vilevile hapana. Na hata pasi ya hapa haitamfaa, kwa sababu umeme wao ni volti 120 na wetu ni 240. Kifaa cha kupasha moto kilichotengenezwa kwa volti zetu kikichomekwa kule kinatoa kama robo tu ya nguvu yake.

Kujaza fomu: ajaze mwenyewe, mama. Nalisisitiza hili kuliko mengine yote kwa sababu ndilo kosa linaloharibu vyumba vingi. Fomu itauliza analala saa ngapi, anavumilia kelele kiasi gani, chumba chake huwa nadhifu au la, atapokea wageni mara ngapi. Mzazi akikaa pembeni, mtoto anaandika anayotaka mzazi aamini: nalala saa tatu usiku, napenda kimya, naamka mapema. Kompyuta inamtafutia mwenzake anayelala saa tatu kweli, na mwezi wa kwanza wanachukiana kwa taa. Aandike ukweli. Aandike pia kwamba huamka kuswali kabla ya jua kuchomoza, na kwamba anaweza kutumia simu ya kutetemeka badala ya mlio. Mwenzake akilijua jambo hilo Julai hatalalamika Septemba.

Insha ya maneno 200 haitaki sifa. Wasomaji wake wanatafuta vitu viwili: kwa nini hapa, na utaleta nini. "Ninapenda sayansi tangu utotoni" imeandikwa na kila mtu. Binti wa Mombasa anayeomba uhandisi wa mazingira ana mada imekaa mlangoni: maji. Aeleze kwamba mji wake unategemea maji ya kutoka mbali, Mzima na Baricho, kwamba visima vingi vya mtaani vina chumvi, na ni swali gani la kitaalamu analotaka kulifuatilia. Maneno 120 kwa hilo. Yanayobaki yaseme atakachofanya kwenye ghorofa: ataongoza kundi la mazoezi ya hesabu Jumapili, au atafundisha wenzake kupima chumvi ya maji. Atume mapema, asingoje siku ya mwisho, kwani vyuo vingi hupanga nafasi kwa tarehe ya maombi. Na aangalie saa: ikiandikwa mwisho ni saa sita usiku kwa saa za New York, kwetu ni saa moja asubuhi ya siku inayofuata wakati wao wa kiangazi, na saa mbili wakati wao wa baridi. Ofisi yao ikifunguliwa saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi, Mombasa ni saa kumi jioni. Huo ndio wakati wa kupiga simu.

Akishafika, wiki ya kwanza au ya pili yeye na mwenzake watapewa fomu ya makubaliano ya chumba. Vijana wengi huisaini bila kuisoma. Aitumie: taa, wageni, swala, chakula cha nguruwe ndani ya friji ya pamoja, vyote viandikwe. Mgogoro ukitokea, mwanafunzi msimamizi wa ghorofa, anayeitwa RA, ataanzia kwenye karatasi hiyo, na kisichoandikwa ni vigumu kukitetea. RA ni mwanafunzi kama yeye, amefunzwa kiasi, na ana wajibu wa kuripoti mambo mazito anayoambiwa. Anayetaka kusema bila habari kufika ofisini aende kwa mshauri nasaha wa chuo, ambaye husikiliza kwa siri.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi. Kama binti ana ugonjwa unaohitaji chumba cha namna fulani, pumu kali, kisukari, selimundu, aende kwa daktari wake sasa apate barua, kisha aipeleke ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, si ofisi ya malazi. Utaratibu huo una tarehe zake na vitanda vyake. Kwa maswali ya viza na gharama, kituo cha EducationUSA cha ubalozi wa Marekani Nairobi kinatoa ushauri bila malipo. Na akiwa huko, msingoje kama ameacha kula, amekosa madarasa wiki mbili, au anaogopa kurudi chumbani kwa sababu ya mtu. Siku hiyo hiyo aende kwa mkurugenzi wa bweni au ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwa miguu yake, na ikiwa ni hatari ya papo hapo apige 911, namba ya dharura ya huko.

Wewe ukipiga simu chuoni kuuliza habari zake, tegemea kuambiwa kwamba hawaruhusiwi kusema. Sheria yao ya 1974 inampa mwanafunzi wa chuo haki ya kumbukumbu zake, hata kama mzazi ndiye anayelipa. Kuna kibali ambacho binti anaweza kukisaini mwenyewe ili wazungumze nawe. Mkae mkubaliane kabla hajaondoka kama atakisaini na kwa mambo gani.

La mwisho ni la viza, kwa kuwa mahojiano ni Nairobi na tarehe hazingojei mtu. Anaweza kuingia Marekani kuanzia siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20, lakini bweni lina siku yake ya kufunguliwa, na kitanda cha asiyetokea hupewa mwingine. Viza ikichelewa, aandike barua pepe kwa ofisi ya malazi, mratibu wa jumuiya na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, barua moja kwa wote watatu, kabla ya siku hiyo ya kufunguliwa, akitaja namba yake ya mwanafunzi na siku anayotarajia kufika, na aombe wamjibu kwa maandishi kwamba kitanda kimeshikiliwa.